“Inaua bakteria kwa asilimia 99.9”: nani aliwahesabu, na aliwahesabu vipi?

Ukiingia leo kwenye duka kubwa la vyombo, au ukipitia tu kurasa za wauzaji kwenye simu yako, utakutana na maneno haya zaidi ya mara moja: “inaua bakteria kwa asilimia 99.9”. Yapo kwenye ubao wa kukatia nyama, kwenye chupa ya maji ya mtoto wa shule, kwenye kava la simu, kwenye kiti cha kulishia mtoto, hata kwenye ndoo ya rangi ya ukuta. Tangu UVIKO-19 ilipotutia hofu ya kugusa kila kitu, bidhaa za aina hii zimepata soko kubwa. Mara nyingi bei yake iko juu kuliko ya kitu kilekile kisicho na maneno hayo.

Wewe unayelea mtoto mdogo ndiye unayelengwa kwanza. Muuzaji anajua kwamba mtoto wa miezi minane huweka kila kitu mdomoni, na anajua kwamba mama aliyekwisha kulala wodini na mtoto mwenye kuhara hatauliza maswali mengi akiambiwa kuna meza “inayojisafisha yenyewe”.

Hatusemi kwamba bidhaa hizi zote ni za uongo. Baadhi zimepimwa kwelikweli, tena kwa vifaa vya kisasa vinavyotumia mwanga kutofautisha bakteria aliye hai na aliyekufa. Lakini kipimo cha maabara hujibu swali la maabara, na swali lako wewe la jikoni huenda ni jingine kabisa. Ukielewa kidogo jinsi kipimo kinavyofanyika, utajua pesa yako uiweke wapi.

Ni vitu gani hivi?

Wataalamu wakisema “uso” wa kitu, wanamaanisha ile sehemu ya nje unayoigusa: uso wa meza, wa kitasa cha mlango, wa reli ya kitanda cha hospitali. Nyuso za kuua bakteria hutengenezwa kwa njia chache. Kuna zilizotengenezwa kwa shaba au mchanganyiko wake. Shaba hutoa chembe ndogo zenye chaji ya umeme ambazo huharibu utando wa bakteria. Kuna plastiki zilizochanganywa na madini ya fedha, yale ya kutengenezea mikufu. Kuna rangi zenye titani dioksidi, unga mweupe ambao hufanya kazi ya kuua pale tu unapopigwa na miale ya urujuanimno, kwa hiyo gizani au chini ya taa ya kawaida hausaidii kitu kikubwa. Na kuna kemikali zinazogandishwa juu ya plastiki au kitambaa, ambazo humtoboa bakteria anapotua juu yake.

Kuhesabu viumbe wasioonekana

Njia ya zamani ya kupima ni hii. Mtaalamu huchukua bakteria ambao idadi yao anaijua, tuseme milioni moja, huwaweka juu ya kipande cha bidhaa, na wengine kama hao huwaweka juu ya kipande cha kawaida kwa ajili ya kulinganisha. Baada ya muda huviosha vipande vyote viwili, kisha maji yale ya kuoshea huyamwaga kwenye visahani vyenye chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli. Visahani hukaa kwenye joto usiku kucha. Kila bakteria aliyebaki hai huzaana mpaka aonekane kama kidoa, na vidoa ndivyo vinavyohesabiwa.

Njia hii ni nzuri na bado ndiyo inayoaminika zaidi, ila ina pengo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Inahesabu wale tu walioachia. Bakteria aliyeng'ang'ania kwenye kipande hakutoka na maji, kwa hiyo hakufika kwenye kisahani, kwa hiyo ataandikwa kuwa amekufa. Plastiki inayonata tu, isiyoua chochote, inaweza kupata alama nzuri. Vilevile kuna bakteria waliojeruhiwa au kunyong'onyea ambao hawakubali kuota kwenye kisahani lakini hawajafa.

Hapo ndipo mwanga unapoingia. Kwinini, ile dawa chungu ya malaria ambayo bibi zetu waliijua vizuri, ina tabia ya ajabu: ukiimulika kwa miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, inarudisha mwanga wa buluu unaoonekana. Mwanasayansi wa Uingereza John Herschel aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1845, na mwaka 1852 mwenzake George Stokes akalipa jina ambalo kwetu limeingia kama floresensi. Kwa lugha ya kawaida ni mng'ao: kitu kinapokea mwanga wa aina moja na kutoa wa aina nyingine. Umeshauona mara nyingi. Ile taa ya zambarau ambayo wakala wa pesa za simu anaitumia kukagua noti, ikifanya nyuzi na alama zilizofichwa zing'ae, ndiyo kanuni hiyohiyo.

Maabara hutumia rangi mbili zenye mng'ao. Ya kwanza ni ya kijani. Hii huingia ndani ya kila bakteria, mzima na mfu, na kushikamana na vinasaba vyake. Ya pili ni nyekundu, na jina lake la kitaalamu ni propidiumu iodidi. Hii haiwezi kupita kwenye utando mzima. Inaingia tu kwa bakteria ambaye utando wake umepasuka, na ikishaingia huisukuma kando ile ya kijani. Basi baada ya kama robo saa, ukitazama kwa hadubini yenye mwanga maalumu, unaona nukta za kijani na nukta nyekundu. Kijani ni wale ambao nyumba zao hazijabomoka. Nyekundu ni wale waliobomolewa.

Mashine nayo inaweza kupima ni kijani kiasi gani na ni nyekundu kiasi gani bila mtu kuhesabu nukta mojamoja. Kwanza hufundishwa kwa mchanganyiko unaojulikana: bakteria wote wazima, wote waliouawa kwa alkoholi, nusu kwa nusu. Baadaye ikipewa kipande cha bidhaa, inasoma uwiano wa rangi hizo mbili na kukadiria wangapi wamekufa.

Rangi hizi si njia pekee. Kuna nyingine ya buluu, resazurini, ambayo bakteria hai huigeuza kuwa ya waridi yenye mng'ao. Ikibaki buluu, hakuna aliye hai wa kuigeuza, au wamebaki wachache mno. Na kuna bakteria waliopandikizwa kinasaba cha protini ya kijani kilichotolewa kwa kiwavi cha baharini aina ya Aequorea victoria. Hao hung'aa wenyewe. Ugunduzi na matumizi ya protini hiyo viliwapatia Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008.

Faida kubwa ya mng'ao ni kwamba unaweza kumwona bakteria palepale alipotua, bila kumwosha. Na hapo watafiti waliona jambo ambalo kila mama anayepangusa meza angelipenda: uso unaoua kwa kugusana hujaa mizoga. Bakteria wa kwanza wanakufa na kubaki palepale kama zulia jekundu, na wanaofuata wanatua juu ya wafu hao bila kuigusa ile dawa iliyo chini. Juu ya zulia jekundu unaona nukta za kijani. Kwa hiyo uso wa kuua bakteria usiopanguswa, baada ya muda, ni uso mchafu tu kama nyingine.

Mwanga nao hudanganya

Rangi nyekundu inasema utando umepasuka. Haisemi amekufa. Kuna bakteria wenye utando uliojeruhiwa kidogo ambao hupona. Na kuna kinyume chake: bakteria aliyepigwa na miale ya urujuanimno anaweza kuwa ameharibika vinasaba kiasi cha kutoweza kuzaana tena, na bado akang'aa kijani kwa sababu utando wake ni mzima. Wale wenye protini ya kijani wanaweza kuendelea kung'aa kwa muda hata baada ya kufa.

Kisha kuna uso wenyewe. Umewahi kuona shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga likiwaka buluu kwenye taa za disko? Ni kemikali za kung'arisha zilizomo kwenye sabuni. Plastiki nyingi nyeupe na rangi za ukuta zina kemikali za aina hiyo, nazo hung'aa zenyewe chini ya taa ya kupimia. Manjano ya pilau pia hung'aa. Upande mwingine, shaba na madini ya fedha yanaweza kufifisha rangi za kipimo, na mashine ikasoma pungufu. Mtafiti asiyepima kwanza kipande kitupu kisicho na bakteria hata mmoja anaweza kutoa jibu la ajabu sana bila kujua.

Lakini udhaifu unaokuhusu wewe zaidi ni huu. Tuseme bakteria walikuwa milioni moja. Wakifa asilimia 99, wamebaki 10,000. Wakifa asilimia 99.9, wamebaki 1,000. Kwa afya ya mtoto hizo ni hali mbili tofauti. Kwa mashine inayosoma jumla ya mwanga, kijani kidogo cha waliobaki kinamezwa na mwanga wa nyuma, na tofauti kati ya hali hizo mbili ni vigumu kuiona. Ndiyo maana maabara makini hutumia mng'ao pamoja na visahani. Mng'ao unaeleza wapi, kwa kasi gani na kwa namna gani bakteria wanakufa. Visahani vinatoa ile tarakimu ya mwisho. Bidhaa inayotangaza 99.9 kwa kipimo cha rangi peke yake imedai zaidi ya kile ambacho kipimo hicho kinaweza kuona. Najua hakuna mama atakayepewa ripoti ya maabara pale dukani. Lakini mwandishi wa habari anaweza kuiomba, na mnunuzi wa vifaa vya hospitali anapaswa kuidai.

Hata 99.9 ya kweli si namba ya kulalia. Bakteria aina ya E. coli, akipata joto na chakula kizuri, anaweza kujigawa mara mbili kila dakika 20. Waliobaki 1,000 wanahitaji kujigawa mara 10 tu kuwa milioni tena. Hiyo ni saa 3 na dakika 20. Uji wa mtoto uliobaki mezani tangu asubuhi unawapa muda huo, haijalishi bakuli limetengenezwa na nini.

Kipimo ni cha wapi?

Kipimo kinachotajwa zaidi kwenye vifungashio ni cha Shirika la Kimataifa la Viwango, kiitwacho ISO 22196. Kinafanyika hivi: kipande cha plastiki cha sentimita 5 kwa 5, tone la mililita 0.4 lenye bakteria, juu yake karatasi ya plastiki ili tone lisikauke, joto la nyuzi 35, unyevu wa hewa usiopungua asilimia 90, na kusubiri saa 24.

Saa 24. Sasa fikiria ubao wako. Umekata kuku mbichi, umeufuta kwa kitambaa, na baada ya dakika kumi unakatia kachumbari. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari inaweza kuikaribia hali ya hewa ya kipimo hicho, huo ni utani wetu kidogo, lakini hata huko tone la maji mezani halikai saa 24 likiwa limefunikwa. Linakauka. Na madini ya fedha yanahitaji unyevu ili yatoe chembe zake za kuua; mahali pakavu kasi yake hupungua sana. Ongeza mafuta ya kupikia, damu ya nyama na mabaki ya unga kati ya bakteria na uso, na hesabu inabadilika tena. ISO wenyewe mwaka 2023 walitoa kipimo kingine, ISO 7581, kwa ajili ya nyuso zinazotumika katika hali ya ukavu. Kama bidhaa unayotaka kuinunua ni kitasa au kava la simu, kipimo cha aina hiyo kinasema mengi zaidi.

Na kuna jambo ambalo lebo hailisemi kabisa. Vipimo hivi ni vya bakteria. Rota, ambayo ndiyo imewalaza wodini watoto wengi wenye kuhara kukali, ni virusi. Ubao ulioua E. coli maabara haujathibitisha lolote kuhusu rota. Kinga ya rota unayo kliniki, bila malipo: chanjo hiyo imo kwenye ratiba ya kawaida Tanzania tangu 2013 na Kenya tangu 2014. Angalia kadi ya mtoto kabla ya kuangalia bei ya kiti kipya.

Soma lebo kama mwanasheria

Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria ambayo inafaa uijue, kwa kuwa bidhaa nyingi tunazouziwa huandikwa lebo kwa kuzingatia soko hilo. Marekani, kiwanda kikichanganya dawa ya kuua bakteria ndani ya plastiki ili kuilinda plastiki yenyewe isioze, isitoe harufu wala kuota ukungu, hakihitaji kuisajili bidhaa ile kama dawa. Lakini kikidai kwamba inamlinda mtu na ugonjwa, lazima kisajili na kuleta ushahidi. Ulaya nao wana kanuni ya mwaka 2012 inayodhibiti madai ya bidhaa zilizotiwa dawa.

Kwa hiyo soma vizuri. “Plastiki hii imekingwa dhidi ya bakteria” ina maana plastiki imekingwa. Mtoto wako hakutajwa.

Na historia inatuonya. Kwa miaka mingi sabuni za “kuua bakteria” zenye triklosani ziliuzwa kwa mama kama bora kuliko sabuni ya kawaida. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipiga marufuku triklosani na viambato vingine 18 katika sabuni za kuogea na kunawia za nyumbani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Kulikuwa pia na hofu ya usugu. Hofu hiyo ina msingi: bakteria wenye uwezo wa kustahimili madini ya fedha wanajulikana tangu miaka ya 1970, waliopatikana katika wodi ya wagonjwa wa moto. Mwaka 2019 peke yake, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vinavyokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani. Sina tatizo na dawa kuwekwa mahali inapookoa maisha. Kuitia kwenye kava la simu ni suala jingine.

Wodini ndiko kwenye kesi yenyewe

Kama kuna mahali ambapo uso wa kitu unaweza kuamua uhai wa mtoto, ni wodi ya watoto wachanga. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilisema kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa hospitali za wagonjwa mahututi na wa dharura, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata walau maambukizi moja wakiwa hukohuko hospitalini. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana ngozi laini, kinga changa, mirija puani na sindano mkononi. Bakteria kama Klebsiella hukaa kwenye sinki, kwenye mashine za joto na kwenye mikono, na wengi wao siku hizi hawasikii dawa tulizonazo.

Huko shaba ina hoja ya kusikilizwa. Mwaka 2008 Shirika la Mazingira la Marekani lilikubali kusajili michanganyiko ya shaba na kuruhusu isemwe kwamba inaua asilimia 99.9 ya bakteria fulani ndani ya saa 2, kwa sharti kwamba usafi wa kawaida unaendelea vilevile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali tatu za Marekani ulionyesha maambukizi machache kwa zaidi ya nusu katika vyumba vilivyowekewa vitu vya shaba. Wataalamu wengine waliukosoa kwa namna ulivyofanywa, na mpaka leo shaba haijawa kawaida ya hospitali. Mimi ningeiweka katika kundi la “inatia matumaini, bado haijatosha”.

Lakini matumizi ya mng'ao yaliyonishawishi zaidi ni ya bei rahisi kuliko hayo yote. Daktari Philip Carling wa Marekani na wenzake walipaka jeli isiyoonekana kwa macho kwenye reli za vitanda, vitasa, swichi na meza za wagonjwa, bila kuwaambia wafanya usafi. Jeli hiyo hung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Baada ya chumba kusafishwa walirudi na taa yao. Pale alama ilipofutika, palipanguswa. Pale ilipobaki inang'aa, hapakuguswa. Katika hospitali 36, sehemu zilizokuwa zimesafishwa zilikuwa karibu asilimia 48 tu. Matokeo yalipoonyeshwa kwa wafanya usafi wenyewe na mafunzo yakafanyika, zikapanda hadi asilimia 77. Hakuna aliyenunua meza mpya.

Hicho ndicho ningependa kukiona kwenye wodi zetu za watoto kabla ya plastiki yoyote yenye madini ya fedha. Taa kama ya wakala wa pesa za simu, jeli kidogo, na msimamizi anayerudi kuonyesha bila kumfokea mtu. Lakini tuwe wakweli: mwaka 2022 WHO na UNICEF walieleza kwamba nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma za msingi za usafi wa mikono, yaani maji na sabuni, au kitakasa mikono, pale wagonjwa wanapohudumiwa na maji na sabuni chooni. Mfanya usafi asiye na maji hawezi kulaumiwa kwa alama iliyobaki.

Ukiwa wodini na kichanga wako, una haki ya kumwomba kwa upole muuguzi au daktari anawe kabla ya kumshika: “Samahani dada, naomba unawe kwanza.” Sema vivyo hivyo kwa shangazi na majirani waliokuja kutazama, na hao mara nyingi ndio wagumu zaidi. Nawa wewe kila baada ya kubadilisha nepi na kila baada ya kushika simu. Kama mtoto ni njiti au ana uzito mdogo, uliza kuhusu kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, ile inayoitwa huduma ya kangaruu. Anapata joto, ananyonya mapema, na ngozi yake inapokea kwanza bakteria wa mama yake badala ya wale wa wodi.

Nyumbani, kwa pesa ileile

Sabuni ya kawaida haihitaji kumuua bakteria, inamwondoa. Kunawa kwa sabuni, hasa baada ya choo na kabla ya kulisha, hupunguza kuhara kwa watoto kwa takriban asilimia 30. Kipande cha sabuni kwenye kamba karibu na choo kitafanya kazi kuliko kiti cha kulia cha kisasa.

Kwa ubao wa kukatia, nunua miwili ya kawaida badala ya mmoja wa gharama: mmoja wa nyama mbichi, kuku na samaki, mwingine wa mboga, matunda na mkate. Osha kwa sabuni na maji ya moto, kisha uanike juani ukauke kabisa. Ukishajaa mikwaruzo mirefu isiyosafishika, utupe.

Mtoto anayetumia chupa, osha chupa na chuchu yake kwa sabuni na brashi, kisha chemsha vyombo hivyo. Maziwa ya unga si kitu kisicho na vimelea, kwa hiyo yachanganywe na maji yaliyochemka ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, ndipo yapoozwe kabla ya kumpa. Kikombe kilicho wazi ni rahisi kusafisha kuliko chupa, na titi halina haja ya kuchemshwa.

Mahali palipochafuliwa na kinyesi au matapishi, ondoa uchafu kwanza, osha kwa sabuni, halafu tumia jiki. Soma chupa: kama imeandikwa asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chakula katika nusu lita ya maji kinatosha kwa meza na sakafu. Iache dakika chache, kisha pangusa kwa maji safi kama ni mahali mtoto anapoweka mdomo. Changanya mpya kila siku, maana nguvu yake hupotea. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo wala na siki, kwa sababu gesi inayotoka huumiza mapafu. Na usiihifadhi kwenye chupa ya soda.

Kama mtoto wa chini ya miezi miwili ameacha kunyonya au ananyonya kwa shida, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, amepata degedege, hajongei mpaka aguswe, au mwili una joto la nyuzi 37.5 na zaidi au umepoa chini ya 35.5, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo. Usisubiri kupambazuke, na usianze na dawa iliyobaki ya mtoto mwingine.